Kicheko kwa Mwoga, Kilio kwa Shujaa: Swali la Kisasi katika Wimbo "Coward of the County"

Utangulizi

Mnamo Novemba 1979 kampuni ya United Artists ya Marekani ilitoa santuri ya wimbo "Coward of the County", yaani mwoga wa kaunti. Wimbo huo ulitungwa na Roger Bowling na Billy Ed Wheeler, ukaimbwa na Kenny Rogers. Januari 1980 ulikaa kileleni mwa chati ya muziki wa kantri ya jarida la Billboard kwa wiki tatu. Katika chati kuu ya jarida hilohilo, inayojumuisha muziki wa aina zote, ulifika nafasi ya tatu. Nchini Uingereza, ambako muziki wa kantri haujawa na mizizi mirefu kama ilivyo Marekani, ulishika nafasi ya kwanza kwa wiki mbili mnamo Februari 1980. Mwaka 1981 kisa chake kilifanywa filamu ya televisheni. Rogers alifariki Machi 2020 akiwa na umri wa miaka 81, na wimbo huu umebaki miongoni mwa zile anazokumbukwa kwazo zaidi. Hata msikilizaji wa Kenya hahitaji kujulishwa sana habari zake, kwa kuwa sauti za Rogers, Jim Reeves na Don Williams zimesikika hapa kwa miongo mingi, na wapo waimbaji wa Kenya, kama Elvis Otieno ajulikanaye kwa jina la Sir Elvis, walioifanya kantri kuwa fani yao wenyewe.

Wimbo unasimulia habari za kijana aliyemwahidi baba yake, aliyekuwa akikata roho, kwamba atajiepusha na ugomvi. Aliitimiza ahadi hiyo kwa miaka mingi kwa gharama ya jina lake, kisha akapigana siku mpenzi wake alipotendwa unyama. Makala haya yanauliza maswali mawili yanayoshikana. La kwanza ni je, kijana huyo alitenda haki? La pili ni je, ikiwa umma mkubwa wa wasikilizaji ulikipokea kitendo chake kwa shangwe, shangwe hiyo ni ushahidi wowote juu ya haki yenyewe? Hoja itakayotetewa ni kwamba wimbo huu umebeba swali zito kuliko jibu unaloelekea kulitoa, na kwamba sehemu ya nguvu yake mbele ya umma inatokana na kukoma kwake mahali ambapo gharama ya jibu hilo ingeanza kuhesabiwa.

Chati kama shahidi

Shaka juu ya hukumu ya umma katika mambo ya sanaa ni kongwe. Katika kitabu cha tatu cha Sheria, Plato anamfanya mzee wa Kiathene kulalamika kwamba zamani muziki ulihukumiwa na wenye maarifa nao, lakini baadaye hukumu ikachukuliwa na makelele ya watazamaji. Hali hiyo anaiita utawala wa ukumbi wa maonyesho, na anaiona kuwa chanzo cha kudharauliwa kwa sheria zote. Kwa mtazamo huo, wimbo unaotukuza ngumi na kupanda hadi kileleni ni dalili ya maradhi ya jamii.

Upande wa pili anasimama Leo Tolstoy. Katika kitabu chake kuhusu maana ya sanaa, kilichotoka mwaka 1898, anadai kwamba alama ya sanaa ya kweli ni uwezo wake wa kuambukiza hisia, na kwamba wimbo wa wanavijiji unaowagusa watu wote unaweza kuipita kazi ya mabingwa inayoeleweka na wachache. Kwa kipimo hicho cha kuambukiza, "Coward of the County" ni sanaa iliyofuzu. Lakini Tolstoy huyohuyo, katika Ufalme wa Mungu Umo Ndani Yenu cha mwaka 1894, alifundisha kwamba uovu usipingwe kwa nguvu za mwili, hata pale mnyonge anapoonewa. Wimbo huu basi ungemtia katika dhiki ya pekee, kwani unaambukiza barabara hisia ileile aliyoitaka dunia iache. Dhiki hiyo haikumpita yeye mwenyewe. Ndiyo maana katika kitabu cha 1898 aliongeza sharti kwamba, pamoja na kuambukiza, yafaa kuulizwa ni hisia gani inayoambukizwa.

Chati hailiulizi swali hilo, wala haina njia ya kuliuliza. Mwaka 1980 chati ya Uingereza ilihesabu santuri zilizouzwa madukani, ilhali chati kuu ya Billboard ilichanganya mauzo na upigwaji wa nyimbo redioni. Aliyeinunua santuri kwa sababu ya sauti ya Rogers yenye mkwaruzo, aliyeinunua kwa kuupenda mkarara wake, aliyeinunua kwa kuwa alitamani na yeye kuwapiga waliomdhihaki utotoni, na aliyeinunua akilia kwa ajili ya Becky, wote walihesabiwa sawasawa. Idadi hueleza kwamba watu walivutwa, nayo hukaa kimya juu ya kilichowavuta.

Upo mfano unaothibitisha tahadhari hii. Miaka miwili na ushei kabla ya "Coward of the County", Rogers alikuwa ameimba "Lucille", wimbo ambao Bowling aliutunga pamoja na Hal Bynum. Huo nao ulifika kileleni mwa chati ya kantri ya Marekani na kileleni mwa chati ya Uingereza, mwaka 1977. Nao pia una baa, mwanamke, na mwanamume aliyeumizwa anayeingia mlangoni huku msimulizi akitazamia kupigwa. Lakini katika "Lucille" hakuna ngumi inayorushwa. Mume aliyeachwa anasema maneno yake ya uchungu na kuondoka, na msimulizi, ambaye alikuwa na nafasi ya kumchukua mke wa mtu, anashindwa kufanya hivyo kwa kuwa maneno yale yamemwingia. Mtunzi yuleyule, mwimbaji yuleyule, baa ileile kwa namna fulani, na umma uleule uliupandisha wimbo wa kujizuia kama ulivyokuja kuupandisha wimbo wa kupigana. Anayesema kwamba chati ya 1980 ni kura ya kisasi, hana budi kueleza chati ya 1977 ilikuwa kura ya nini.

Hivyo basi, ushahidi wa chati hautoshi kuutetea wimbo wala kuulaani. Unachothibitisha ni kwamba swali lililomo lilikuwa swali la wengi. Kujua wimbo unalijibu vipi hakuna budi kurejea katika matini yenyewe.

Mtambaji na kimya chake

Kisa kinatambwa na ndugu wa baba yake Tommy. Tommy, asema mtambaji, alijulikana kaunti nzima kuwa mwoga. Watu walimbandika jina la rangi ya manjano, ambayo katika Kiingereza cha Marekani ni taashira ya uoga. Hakuwahi hata mara moja kusimama kuwakanusha. Mtambaji anadokeza kwamba yeye tangu mwanzo alihisi watu wanamsoma kijana huyo visivyo. Baba yake alifia gerezani Tommy akiwa na umri wa miaka kumi, na mtambaji ndiye aliyemlea.

Uhusiano huu wa ukoo wafaa kutazamwa kwa makini, na Kiswahili kinasaidia kuutazama. Neno la kawaida la Kiingereza la uhusiano huo humweka ndugu wa baba kando kidogo, kama jamaa wa karibu asiye na dhima ya mzazi. Kwa Waswahili, ndugu wa kiume wa baba ni baba mdogo au baba mkubwa. Yaani ni baba. Ukiusikiliza wimbo kwa sikio hilo, Tommy hakuachwa bila baba. Alikuwa na baba wa pili, mtu mzima, aliyejua sababu ya unyenyekevu wake na aliyeamini kwamba jina alilopewa halikumstahili. Hata hivyo hakuna mahali katika wimbo ambapo mzee huyu anasimama mbele ya watu na kusema, mwanangu huyu hapigani kwa kuwa ameahidi. Maneno ambayo yangeweza kumwondolea kijana fedheha yanatolewa kwa msikilizaji, miaka baadaye, wakati yameshakuwa hadithi nzuri ya kutamba.

Filamu ya mwaka 1981, iliyokiweka kisa hiki Georgia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilimpa Rogers nafasi ya ami huyo na kumfanya mhubiri. Uamuzi huo unaonyesha kwamba watengenezaji waliona pengo katika nafasi ya mtambaji, wakamvika mamlaka ya kimaadili. Katika wimbo wenyewe hana mamlaka hayo. Ni shahidi mwenye huruma ambaye huruma yake haikugeuka kuwa tendo. Fedheha ya miaka ishirini ambayo hatimaye inalipuka katika baa ilikuwa na wachangiaji wengi, na baadhi yao walikuwa watu wema walionyamaza.

Wasia na radhi

Katika fasihi ya Kiswahili, maneno ya mwisho ya mzazi ni utanzu unaojitegemea. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alikuwa akimwachia binti yake njia ya kuishi. Utendi huo umesomwa na kuhojiwa na vizazi vya wahakiki kuhusu nafasi ya mwanamke, lakini uzito wa umbo lake haujapingwa na yeyote. Wasia hupata nguvu kwa sababu anayeusema hatakuwapo kuurekebisha. Ahadi ni deni, na kwa kawaida mdai anaweza kulisamehe. Marehemu hawezi. Aliyemwahidi aliye hai anaweza kumrudia siku mambo yanapobadilika na kumwomba amfungue. Aliyemwahidi aliyekufa amefungwa na mtu ambaye hana tena kinywa cha kufungulia.

Lakini je, Tommy aliahidi nini hasa? Baba anamtaka mwanawe asiyatende aliyoyatenda yeye, na makosa hayo wimbo hauyataji. Anamtaka auepuke ugomvi, na papo hapo anaweka sharti: ikiwa ataweza. Anamwambia kwamba kugeuza shavu la pili, kama Injili ya Mathayo ifundishavyo, hakumfanyi kuwa dhaifu, na kwamba mtu hahitaji kupigana ndipo awe mwanamume. Anaongeza tumaini kwamba mtoto ni mkubwa wa kutosha kuelewa. Mtoto ana miaka kumi.

Mambo matatu yanajitokeza hapa. Kwanza, wasia una mlango. Sharti la uwezo limo ndani ya kauli ya baba mwenyewe, na mwana anapolirudia mwishoni analigeuza kidogo, akisema kwamba huuepuka ugomvi kila anapoweza. Anajitetea kwa kifungu kilichokuwamo katika sheria ileile. Pili, baba hakuweka kanuni ya kutopigana kabisa. Alichokikana ni ulazima wa kupigana kama kipimo cha uanaume, na hilo ni jambo jingine. Mtu anaweza kuamini kwamba ngumi haimfanyi mtu kuwa mwanamume, na bado akaamini kwamba zipo saa ambapo mnyonge hulindwa kwa mkono. Tatu, na hili ndilo gumu, mwana hajitetei kwa tofauti hiyo iliyo wazi. Hitimisho lake linarejesha kipimo kilekile ambacho baba alikuwa amekikataa, kwani anasema kwamba wakati mwingine mtu hulazimika kupigana akiwa mwanamume. Tommy angeweza kubaki mwaminifu kwa baba yake hata katika kupigana, kama angesema kwamba alipigana kwa kuwa kulikuwa na dhuluma. Anapolitaja tena neno la uanaume, anakuwa ameiacha hekima ya baba na kuipokea ile ya watu wa baa.

Pamoja na hayo, wimbo haumruhusu kujisifu. Ubeti wa mwisho hauelekezwi kwa maadui wala kwa watu wa kaunti. Tommy anazungumza na marehemu, na anachokitafuta ni kitu ambacho Kiswahili kina jina lake hasa: radhi. Anaomba kueleweka, asionekane kuwa dhaifu kwa kutogeuza shavu. Kabla ya kwenda baa alikuwa ameishusha picha ya baba yake ukutani na kuitazama huku machozi yakiidondokea. Wimbo uliokusudia kutukuza ngumi tu usingehitaji machozi hayo. Hapa watunzi walikuwa waaminifu kwa ugumu wa jambo; mwana anakwenda akijua kwamba analipa deni moja kwa kuvunja jingine.

Kicheko na kilio

Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii huwafundisha vijana busara ya kuepuka hatari. Nyumbani kwa mwoga watu hucheka kwa kuwa wako hai, na nyumbani kwa shujaa huombolezwa. Baba yake Tommy, akiwa gerezani, alikuwa akimwachia mwanawe hekima ya namna hiyohiyo.

Wimbo unaichukua hekima hii na kuipindua mara mbili. Mara ya kwanza ni katika kicheko. Kicheko kinachomwendea Tommy ni cha watu wanaomkejeli, tofauti kabisa na kile cha jamaa waliosalimika. Vijana wa Gatlin wanamcheka anapoingia baa, na anapowageuzia mgongo wanatangaza kwamba mwoga anaondoka. Mara ya pili ni katika kilio. Tommy hakutafuta vita, aliishi kwa upole, akampata Becky ambaye mikononi mwake hakuhitaji kuthibitisha chochote. Siku moja akiwa kazini, vijana watatu wa Gatlin walikuja nyumbani na kumnajisi Becky kwa zamu. Tommy alipofungua mlango alimkuta akilia, nguo yake imeraruliwa. Kilio kilikuwa kimekwenda kwa mwoga.

Hapa ndipo wimbo unapotoa changamoto ya kweli kwa methali, na kwa falsafa yoyote inayodhani kwamba upole wa mtu mmoja unatosha kumpa amani. Methali hukadiria kwamba hatari iko vitani na kwamba asiyekwenda vitani amesalimika. Haikumkadiria adui anayekuja mlangoni mwenye nyumba akiwa kazini. Aidha, shavu la pili ambalo Tommy alizoea kuligeuza lilikuwa lake mwenyewe. Katika mapokeo ya tafsiri ya Injili wapo wanafikra wengi waliotofautisha mtu kuvumilia maumivu yake na mtu kuvumilia maumivu ya mwingine. Wa kwanza anaweza kuitwa mvumilivu. Wa pili anaweza kuwa anatoa sadaka kitu kisicho chake.

Aristotle anasaidia kulipanga jambo hili. Kwake ushujaa uko kati ya uoga na ukurupukaji, na hata hasira inaweza kusifiwa ikiwa ni kwa sababu istahiliyo, kwa mtu astahiliye, kwa namna, wakati na kiasi kifaacho. Ukimpima Tommy kwa mizani hiyo, sababu ipo na watu ni walewale waliotenda. Yanayobaki na shaka ni namna na kiasi, na wimbo wenyewe unaitia shaka hiyo mahali pawili.

Pahali pa kwanza ni mlangoni. Tommy anaingia baa, mmoja wa Gatlin anainuka na kumkabili katikati ya ukumbi, naye Tommy anageuka. Wote wanadhani anaondoka. Kisha anasimama na kuufunga mlango. Je, aligeuka kwa kusudi la kuufunga, au aligeuka akiwa bado anausikia wasia, na kicheko ndicho kilichomrudisha? Wimbo hausemi, na kutosema huko ndiko kunakoijaza sekunde hiyo mvutano ambao kila msikilizaji anaukumbuka. Lakini tofauti ya kimaadili baina ya majibu hayo mawili ni kubwa. Kwa jibu la kwanza alipigana kwa sababu ya Becky. Kwa jibu la pili alipigana kwa sababu ya kuchekwa.

Pahali pa pili ni katika maelezo ya pigano lenyewe. Mtambaji anatueleza kwamba ndani ya Tommy ilikuwa imefungiwa miaka ishirini ya kutambaa chini, na kwamba sasa aliiachilia yote. Jina la Becky linatajwa adui wa mwisho anapoanguka. Tommy anatamka kwamba huyo ni kwa ajili yake. Wawili waliotangulia walikuwa kwa ajili ya nani? Madeni mawili yamelipwa kwa ngumi zilezile: dhuluma aliyotendewa mwanamke na fedheha aliyotendewa mwanamume. Msikilizaji hapewi nafasi ya kuyatenganisha, kwa maana muziki umeshapanda na furaha ya kumwona mnyonge akiinuka ni moja.

Nafasi ya Becky

Ikiwa wimbo una dosari ya kimaadili, ipo hapa. Becky anaonekana mara mbili: mara moja kama kimbilio la Tommy, na mara moja kama mwili uliodhulumiwa. Hasemi neno. Baada ya kilio chake cha mlangoni harejelewi tena isipokuwa kwa jina linalotamkwa juu ya adui anayeanguka. Tommy anapotoka baa, wimbo haumfuati nyumbani. Unamfuata kwa baba yake. Mazungumzo ya mwisho ni ya mwanamume na mwanamume juu ya maana ya kuwa mwanamume, na unyama aliotendewa mwanamke umekuwa tukio la kuyawezesha mazungumzo hayo.

Immanuel Kant alisisitiza kwamba mtu asichukuliwe kamwe kuwa chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Kanuni hiyo ilikusudiwa kwa matendo, lakini mhakiki anaweza kuiuliza hata juu ya msuko. Je, mhusika huyu yumo kwa ajili ya maisha yake, au yumo ili maisha ya mwingine yapate kilele? Hakuna anayejua Becky alitaka nini. Huenda alitaka wale vijana waangushwe. Huenda alitaka zaidi kwamba mtu akae naye usiku huo. Huenda alitaka mahakama imsikie. Kuuliza haya hakumpunguzii Tommy uchungu wake. Kunamrudishia Becky kitu ambacho kisasi kilifanywa kwa jina lake bila kumpa.

Suala la mahakama nalo halikosi kuibuka. Yawezekana kumtetea Tommy kwa kusema kwamba katika mazingira ambamo mwanamke aliyenajisiwa hasikilizwi, ngumi ya jamaa yake ndiyo haki pekee iliyopo. Ni utetezi mzito na usiopaswa kupuuzwa na wasomaji wa Afrika Mashariki, ambako wengi wanajua ugumu wa kesi za namna hiyo kufika mwisho. Lakini matini inatoa dalili moja tu kuhusu sheria katika kaunti ile, nayo ni gereza alimofia baba. Sheria basi ipo, na mkono wake ni mrefu wa kutosha kumfunga mwanamume maskini mpaka afe. Haionekani inapohitajika kumlinda Becky. Mtoto aliyeapishwa asiyatende ya baba yake sasa ameacha watu watatu chini katika baa iliyofungwa mlango, na msikilizaji anayelikumbuka gereza la mwanzoni mwa wimbo ana haki ya kuuliza njia ya kijana huyu inaelekea wapi.

Mahali wimbo unapokoma

Wimbo haujibu. Unakoma adui wa mwisho akiwa ameanguka na mwana akiwa anaomba radhi. Ni mwisho uliosukwa kwa ustadi, kwa kuwa msikilizaji anaachwa katika kilele cha shangwe akiwa na chembe ya majuto inayoifanya shangwe hiyo ionekane ya heshima.

Katika mapokeo ya Waswahili, utenzi wa Fumo Liyongo, ambao nakala yake mashuhuri ya Muhamadi Kijuma ni ya mwaka 1913, unafuata njia nyingine. Huko nako kuna baba shujaa na mwana, ila mwana ndiye anayemchoma baba sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini, kwa kuhadaiwa na mtawala. Utenzi hauishii kwenye pigo hilo. Unaendelea mpaka kisimani, ambako Liyongo amepiga goti na upinde wake, na watu wanaogopa kuteka maji kwa kuwa hawajui kwamba amekwisha kufa. Mama yake analetwa kumbembeleza. Mji unashikwa na kiu, kisha unashikwa na msiba, na mwana aliyesaliti hafaidi alichoahidiwa. Msikilizaji wa utenzi huo halipati pigo bila kupewa na kilio chake.

Tofauti hiyo haitokani na ubora wa taifa moja juu ya jingine. Utenzi una mamia ya beti na usiku mzima. Santuri ya kantri ina dakika nne na ushei. Ila ufupi huo una matokeo ya kimaadili. Kisa kinachopaswa kukamilika katika muda mfupi, na kinachotarajiwa kuombwa tena redioni kesho yake, huvutwa kuelekea tendo na mbali na matokeo. Msikilizaji anaweza kulifurahia pigo mara mia moja bila hata mara moja kufika asubuhi inayofuata. Kwa njia hiyo chati, ambayo haikuwa na sauti juu ya haki ya Tommy, huwa na sauti juu ya umbo la kisa chake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mafanikio ya "Coward of the County" hayawezi kusomwa kama idhini ya umma kwa kisasi, kwani umma uleule uliupandisha "Lucille" ambamo mkono ulizuiwa. Yameonyesha pia kwamba wimbo unauliza swali la haki kabisa: mtu aliyeahidi upole afanye nini pindi upole wake unapolipiwa na mwingine? Juu ya swali hilo, inaelekea kwamba Tommy hakuwa na njia isiyo na hatia. Kukaa kimya kungekuwa kumtoa Becky sadaka kwa ajili ya ahadi yake. Kupigana kulikuwa kuivunja, au angalau kuupitia mlango mwembamba uliomo ndani yake. Anayemlaumu kwa kupigana anapaswa kusema angefanya nini badala yake, na anayemsifu anapaswa kueleza kwa nini Becky hakuulizwa.

Wanafunzi wa fasihi huzoea kuzipita nyimbo za namna hii kwa madai kwamba ni burudani ya redio. Kuzipita huko ni hasara, kwa kuwa huko ndiko maadili ya watu wengi hufanyiwa mazoezi kila siku, kwa lugha ya kigeni na ya kwao. Anayeufundisha wimbo huu darasani anaweza kuanza na kazi moja nyepesi ya utunzi: ubeti mmoja zaidi, ambamo Tommy amefika nyumbani, mlango umefunguliwa, na anayesema ni Becky.